Fundi Kioo Akatazwa Kung'arisha

Mjomba wangu hajawahi kuacha kitu kikiwa na uso uliofifia. Sufuria za nyumbani kwake zinang'aa mpaka chini, upande ule ambao moto peke yake ndio unaouona. Ukiinama karibu na viatu vyake unakutana na pua yako. Kwa ajili hiyo mafundi wenzake walimbandika jina la Kioo, nalo likamganda, hata mkewe akawa analitumia akikasirika: "We Kioo, hebu sogea hapo mlangoni, wengine tuna kazi."

Mkewe huyo vitabuni angeitwa mkaza mjomba wangu. Nyumbani tunamwita Mama. Mtu anayekulisha na kukugombeza kwenye sahani hiyohiyo huwezi kumwita kwa jina refu kiasi hicho.

Tangu ujana Mjomba alikuwa fundi wa kupuliza rangi magari. Gari liliingia kwake limekunjamana kama shati la mlevi, likatoka mwenyewe analipita huku akilitafuta. Karakana yao ilikuwa na desturi waliyoiita mkono wa mwisho. Gari hata liwe limekwisha, hata mwenyewe awe ameshakaa kwenye usukani anapiga honi, fundi lazima alipitishie kitambaa laini mara moja zaidi, mlango kwa mlango, ndipo liondoke. Aliyeuruka mkono wa mwisho alizomewa wiki nzima. Mjomba hakuwahi kuzomewa.

Alichopata yeye ni kikohozi. Ukungu wa rangi ulimwingia kifuani ukapanga chumba, na akianza kukohoa, paka wa jirani anahama ukuta. Mama alimburuta hospitali. Tabibu wa kifua akamsikiliza mgongo, kisha akazungumza na Mama, maana tabibu mzoefu anajua nyumba ni ya nani.

"Huyu asirudi kwenye chumba cha rangi," alisema. "Akirudi, mimi na wewe tutaonana mara nyingi kuliko ndugu wa tumbo moja."

Wakati Mama anawaza mume wa kupuliza rangi asiyepuliza rangi anafaa kwa kazi gani, akatokea Daktari. Huyu si daktari wa sindano. Ni msomi wa kemia, ana umri wa kuwa bintiye Mjomba, na anaongoza chumba cha utafiti katika kampuni ndogo ya betri. Gari lake lilikuwa limekwaruzwa, na Mjomba ndiye aliyelitengeneza, likiwa gari lake la mwisho. Daktari alipitisha kidole kwenye mlango, akarudia, akavua miwani.

"Mzee, hii rangi umeipaka sawasawa kila mahali?"

"Ukipata mahali imezidi, nitailamba."

"Unaweza kupaka kitu chembamba kuliko hiki?"

"Binti yangu, ukitaka nitapaka hata usichokiona."

Basi akachukuliwa kwa kipindi cha majaribio. Hakuna dawa ya kupuliza, hakuna ukungu, na mlangoni kuna zulia la gundi linalonyonya vumbi kwenye soli za viatu. Mjomba alilipenda lile zulia kuliko kitu chochote pale kazini. Alikuwa analikanyaga mara mbili.

Kazi yenyewe iko hivi. Betri ya simu ina pande mbili zinazopokezana lithiamu. Ukichaji inahamia upande huu, ukitumia inarudi ule. Daktari alikuwa anatengeneza upande wa kupokea, na badala ya kaboni iliyozoeleka alitumia poda ya silikoni, ambayo hubeba lithiamu nyingi zaidi. Poda inachanganywa na gundi na masizi kidogo, inakuwa uji mweusi. Mjomba anaumwaga juu ya karatasi ya shaba, anaukokota kwa kisu maalumu mpaka unatandazika, anauingiza kwenye tanuri. Ukishakauka, lile bamba linapita mara moja katikati ya rola mbili za chuma ili unga ushikamane. Kisha linakatwa vipande vya mviringo, na binti mmoja mwenye mdomo mkali, ambaye tumwite Glavu, anavifungia ndani ya vibetri vidogo kama vitufe vya koti. Anafanya hivyo mikono yake ikiwa imeingizwa kwenye kabati la kioo lenye glavu ndefu ukutani, kwa sababu humo ndani hewa ya kawaida hairuhusiwi hata kuchungulia. Mwisho vinawekwa kwenye mashine inayovichaji na kuvimaliza, kuvichaji na kuvimaliza, bila huruma. Kwenye skrini kila kibetri kina mstari wake. Mstari ukienda umenyooka, kimedumu. Ukianguka, buriani.

Mambo ya kazini nimeyachota kwa Glavu, na Mjomba ameyasahihisha kila mahali alipojiona mfupi.

Mistari ya Mjomba ilianguka. Haikuanguka kwa heshima, taratibu, kama mtu mzima anayetafuta kiti. Iliporomoka kama mtu aliyeteleza ngazini na beseni kichwani. Wiki ikafuata wiki, bamba likafuata bamba. Daktari aligombana na gundi, akagombana na unyevu wa hewa, akawaandikia waliomuuzia poda. Mjomba naye alizidi kujitahidi. Mabamba yake yalikuwa yanapendeza, jamani. Glavu anasema alikuwa anajipaka wanja humo.

"Mzee, nitakuambia ukweli," Daktari alimwambia siku moja. "Kipindi chako kinakaribia kwisha. Wakubwa wataniuliza swali moja tu, mabamba ya huyu fundi yanadumu au hayadumu. Sitaki kuwajibu hayadumu."

Mjomba aliporudi nyumbani na habari hizo, simu ya Msasa ilikuwa imeshamtangulia. Msasa ni fundi mwenzake wa zamani, na ana kipaji cha kupiga simu pale usipoihitaji.

"Kioo! Bomba lako la kupulizia bado linaning'inia ukutani linakulilia. Rudi bwana, hao wa betri watakuzeesha."

Mama alimnyang'anya simu. "Msasa, hilo bomba jipulizie wewe mwenyewe, na mdomo wako ukibaki na nafasi upake pia." Akakata. Lakini alipokaa chini, alikuwa anasokota ncha ya kanga yake. Nilimwona. Tulikuwa tumelala vizuri miezi yote hiyo, nyumba nzima, kwa sababu hakuna aliyekohoa. Mjomba akikosa kazi kwenye betri, mlango unaomfungukia ni mmoja tu, na tabibu ameshasema kilichoko nyuma yake.

Hapo ndipo bomba la jikoni lilipopasuka. Ilikuwa mchana wa kazi, na Mama alimpigia simu mumewe kwa sauti ambayo hata bila simu angeisikia.

"Kioo! Jikoni kumekuwa ziwa! Mpwa wako amesimama juu ya meza kama nahodha!"

Ni uongo. Nilikuwa juu ya kiti.

Mjomba alikuwa na bamba moja mkononi limetoka tanurini. Akalipitisha kwenye rola mara moja, kama Daktari alivyoagiza siku ya kwanza, akalitupa kwenye trei, na kwa aibu akalisukumia chini ya mengine. Lilikuwa limefifia, rangi ya majivu, kama ubao wa shule usiofutwa vizuri. Akakimbia nyumbani kuokoa meza.

Glavu huanza kuchukua mabamba kutoka chini ya trei. Hajui kwa nini, ni ukaidi tu. Akalikata lile la majivu pamoja na mengine, akafunga vibetri, akavipeleka kwenye mashine.

Siku zilipopita za kutosha kwa vibetri kujulikana tabia, Daktari aliita kila mtu mbele ya skrini. Mistari yote ilikuwa imeporomoka kama kawaida yake, isipokuwa michache. Hiyo michache ilikuwa inakwenda imenyooka, haina habari. Na yote ilitoka kwenye bamba moja, ambalo mabaki yake Daktari aliyashika juu kwa kibano.

"Mzee. Bamba hili ulilifanyaje?"

Mjomba akaliona. Lile la majivu! Glavu anaapa kwamba jasho lilimtoka mpaka kwenye masikio.

"Daktari, naomba radhi. Hiyo si kazi yangu. Yaani ni kazi yangu, lakini siyo mimi."

"Sikuelewi."

"Bomba lilipasuka."

"Bomba gani?"

"La jikoni."

"Jikoni gani? Hapa hatuna jikoni."

"La kwangu. Nikaharakisha. Binti yangu, mimi siyo mtu wa kutoa kitu kama kile, waulize popote nilipofanya kazi. Nipe nafasi, sitarudia tena."

"Mzee wangu," Daktari akasema polepole, kama anayezungumza na mtu aliyepanda juu ya paa, "hili ndilo bamba pekee ambalo vibetri vyake viko hai humu ndani. Unaniahidi kwamba hutarudia?"

Glavu alilazimika kutoka nje kucheka. Daktari yeye hakucheka, alikuwa ameshashika kalamu. Kuharakisha, akawaza, maana yake bamba lilitoka tanurini mapema. Kwa hiyo kosa liko kwenye tanuri. Akaanza palepale kupanga joto jipya na muda mpya, na Mjomba akarudi nyumbani amenusurika, ila swali linamkwaruza kichwani kama mchanga.

Alinikuta nakula.

"Nusu," akaniita. Hilo ndilo jina langu kwake, kutokana na diploma yangu, ambayo imesimama njiani kama gari lililoishiwa mafuta. "Wewe uliyefika nusu, nieleze hata hiyo nusu. Kwa nini kitu kibaya kiishi na kizuri kife?"

"Mjomba, hilo ni swali la dini."

"Nitakupiga na hii sahani. Nauliza betri."

Nikachukua sifongo ya kuoshea vyombo, mpya, Mama akiniangalia kwa jicho la onyo.

"Poda yenu siyo unga wa kawaida," nikamwambia. "Ni chembe za kipimo cha nano. Mamia ya chembe hizo zingejipanga kwenye upana wa unywele wako mmoja, kama ungekuwa nao."

"Endelea, mpumbavu."

"Na kila chembe ina matundu ndani, kama sifongo hii. Unapochaji, lithiamu inaingia kwenye silikoni, na silikoni ikishiba inavimba. Inavimba vibaya, mara tatu na zaidi. Ikiwa ni donge zito haina pa kuvimbia, inapasuka vipande, na kipande kilichobanduka hakina kazi tena. Lakini ikiwa na matundu, inavimbia ndani ya nafasi zake yenyewe, inanywea, inavimba, inanywea, na bamba linabaki zima. Juu ya hapo, katikati ya chembe na chembe lazima ibaki njia, ili maji ya betri yapenye na kuipitisha lithiamu. Huyo Daktari analipa watu huko wamtengenezee nafasi tupu. Ndiyo nano yenyewe, Mjomba. Nusu ya utaalamu ni kuacha nafasi."

Mjomba akaichukua ile sifongo. Akaiweka mezani, akaiwekea sufuria nzito juu, akaiangalia ilivyobanwa ikawa kama karatasi. Akamwaga kijiko cha maji pembeni yake. Maji yakazunguka sufuria, yakaenda zake.

"Na mtu akivibana vile vitundu?" aliuliza, kwa sauti ambayo si yake. "Tuseme amekaza skrubu ya rola kidogo. Robo mzunguko. Akalipitisha bamba tena na tena."

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Ili ling'ae."

Nikaacha kutafuna. Mama akaacha kuosha.

"We Kioo," Mama akasema. "Umeyapa yale mabamba mkono wa mwisho?"

"Yote," Mjomba akasema. "Wenzangu wakishatoka. Nilitaka Daktari akifika asubuhi ajione usoni. Nilitaka kumpa zawadi."

Hebu fikiria. Watu wenye mashine kubwa wamehangaika kutoboa matundu ambayo jicho haliyaoni, wameyafunga, wameyasafirisha, na yamefika salama kabisa mpaka kwa mjomba wangu, ambaye ameyaponda kwa upendo.

Nilitaka kucheka, nikaona uso wa Mama, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Ukimwambia?" Mama akauliza.

"Nimemharibia kazi yake yote tangu nilipofika. Anaweza kunitoa kesho hiyohiyo."

"Usipomwambia?"

"Naacha kung'arisha kimyakimya. Mabamba yanaanza kudumu, yeye anadhani ni tanuri. Mimi nabaki na kazi."

Njia ilikuwa nyeupe, na nitasema kweli, mimi ningeipita nikipiga mluzi.

"Halafu," Mjomba akaendelea mwenyewe, "atawafundisha wengine habari za tanuri. Watapika na kupika. Mtoto wa watu atazeeka anatazama tanuri."

Mama akafuta mikono. "Nenda kamwambie. Wakikutoa, utakaa hapa ung'arishe sufuria zangu, na Msasa akipiga simu nitapokea mimi. Kwenye ule ukungu hurudi. Hilo tusilichanganye na hili."

Asubuhi alimkuta Daktari amepiga magoti mbele ya tanuri na kipimajoto.

"Inuka, binti yangu. Huyo hana kosa. Ni mimi."

Akamweleza, bila kupamba: skrubu, robo mzunguko, kupitisha tena na tena, na ule mng'ao. Glavu alikuwa mikono yake imo kwenye kabati hawezi kuitoa haraka, kwa hiyo alisikia yote, mtu wa Mungu, bila hata kuwa na dhambi ya kusikiliza.

Daktari alivua miwani. "Kila bamba?"

"Kila bamba."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza. Ila lile la bomba."

"Nimewaandikia watu wa poda, Mzee! Nimewaambia bidhaa yao ni takataka!"

"Kwa maneno hayohayo?"

"Kwa adabu. Lakini walinielewa."

Akazunguka meza. Akazunguka tena. Glavu anasema hasira ilikuwa inapanda na kushuka usoni pake kama chaji. Alimwambia Mjomba maneno ambayo hakustahili kuambiwa na mtu wa umri ule na ambayo, Mjomba mwenyewe amekiri, yalikuwa kipimo chake kabisa. Kwamba agizo ni agizo. Kwamba zawadi hupewa mtu aliyeiomba, au angalau anayejua kwamba amepewa. Mjomba alisimama akayapokea yote, mikono mbele.

"Na nikikupa siku zilizobaki," Daktari akasema mwishowe, "utaweza kunipa mabamba mabaya?"

"Mabaya kama lile?"

"Lile lilikuwa sawa. Wewe mwenyewe ndiye unayeliita baya."

Mjomba akaigeukia rola. "Nitaweza. Ila spana ya ile skrubu uichukue wewe. Uifungie. Mimi nautambua mkono wangu."

Basi siku zile zikawa za mateso yenye kuchekesha. Anakokota uji, anatoa bamba tanurini, analipitisha kwenye rola mara moja. Mara moja! Kisha anasimama analitazama lilivyo, kijivu, limepooza, halionyeshi sura ya mtu, na vidole vyake vinacheza pembeni ya mfuko. Glavu alianza kumchokoza.

"Mzee Kioo, hili lina doa pale pembeni."

"Wapi?"

"Pale. Lipanguse kidogo tu."

"Shetani mdogo wewe, nenda kwenye kabati lako."

Nyumbani sote tulilipia. Sufuria zilisuguliwa mpaka zikaanza kuwa nyepesi. Alining'arishia mkanda, akaning'arishia na kifungo chake cha chuma, akaning'arishia na ufunguo.

Vibetri viliingia kwenye mashine. Mara hii Mjomba hakusubiri kuitwa, kila akipumzika alikuwa mbele ya skrini na kikombe chake, akiangalia mistari kama mzazi nje ya chumba cha mtihani. Ikaanza kwenda. Ikaenda. Haikuanguka. Zaidi ya hapo ilikwenda pamoja, mmoja juu ya mwingine, huwezi kuitenganisha, kana kwamba vibetri vyote vilizaliwa pacha. Daktari alisogeza kiti.

"Unaona hii?" akasema. "Kudumu ni kwa sababu ya poda. Lakini kulingana hivi, hii ni mkono. Watu waliokuwepo kabla yako, bamba moja lilikuwa na mlima huku na bonde kule, na kila kibetri kilikwenda njia yake. Nilikuwa siwezi kujua kosa ni la poda au la mpakaji."

"Kwa hiyo niliyapaka sawasawa," Mjomba akasema.

"Sawasawa kabisa. Usivimbe kichwa, humo sijui kama mna matundu."

Halafu akamwambia, akiwa anaendelea kuandika, hata hakuinua macho: "Jumatatu uje na picha mbili za pasipoti. Za kitambulisho. Chako cha sasa ni cha majaribio."

Mjomba alifika nyumbani kabla ya saa yake. Mama alikuwa uani anaanika nguo. Alimwona uso, akakamata kamba.

"Wamesemaje?"

"Wanataka picha mbili."

"Picha za nini?"

"Za pasipoti. Za kudumu."

Mama hakupiga vigelegele, wala hakumkumbatia, si mtindo wao. Aliingia ndani. Tukasikia kabati likifunguliwa, na vitu vikiangushwa, na akatoka na ovaroli ya zamani ya Mjomba, ile ya kupulizia, imekauka rangi za magari yote ya mji huu mpaka inasimama yenyewe. Akaiweka juu ya jiwe la kufulia, akashika mkasi, akaikata mguu wa kwanza.

"Mke wangu! Hiyo bado nzima!"

"Natengeneza matambara."

"Subiri basi mfukoni nitoe—"

"Hakuna kitu mfukoni, nimetazama," Mama akasema, akaanza mguu wa pili. "Nenda kanyoe ndevu. Hizo picha zinakaa kwenye kitambulisho miaka, na wewe unafanana na bamba la bomba."

Mjomba akaingia kunyoa. Akakaa huko ndani muda mrefu sana, nami nikapita dirishani kuchungulia kama yuko salama. Alikuwa anafuta kioo.